Michezo Penye Kaburi la Patroklos

Wasomaji wengi wa Iliada ya Homeros hufika kwenye kitabu cha 23 wakiwa wamechoka. Hektor amekwisha kufa, nao wanatazamia mwisho. Kumbe wanakuta mashindano: magari ya farasi, ngumi, mieleka, mbio za miguu. Wengine husema kwamba hapo mtunga shairi anawapumzisha watu tu. Sisi tunafikiri kwamba hawakusoma vizuri.

Tuangalie kwanza mahali penyewe. Achilles amechoma maiti ya rafiki yake Patroklos na kumjengea kaburi. Kisha anawakalisha watu, analeta zawadi kutoka merikebu zake. Ni kilio, na michezo ni sehemu ya kilio. Mtu wa kwetu haoni ajabu: anajua kwamba penye kilio watu hawatoi machozi tu, bali huimba na kucheza pia. Wataalamu hawapatani kama michezo yote ya Wagreki ilizaliwa penye makaburi. Lakini hata Olympia, ambako michezo ilihesabiwa tangu mwaka 776 mbele ya Kristu, walimtolea sadaka Pelops, shujaa wao wa kale.

Sasa tusikilize magomvi. Magari hayajarudi bado, na watazamaji wawili, Idomeneus na Aias, wanatukanana juu ya nani anayeongoza. Achilles anawaambia wakae, wangoje, farasi watakuja wenyewe. Tena kijana Antilochos anampita Menelaos kwa hila mahali njia ilipo nyembamba. Menelaos hamrukii kwa ngumi. Anamwita mbele ya wote, awaguse farasi wake na kuapa kwa Poseidon kwamba hakumzuia kwa hila. Kijana hathubutu kuapa. Anamtolea farasi jike aliyepewa kuwa zawadi. Moyo wa Menelaos unapoa, naye anamrudishia.

Hapo ndipo tunaona ukubwa wa kitabu hiki. Mwenye kusimamia michezo ni Achilles, yule ambaye shairi zima lilianza na hasira yake, hasira iliyoleta kifo kwa Wagreki wengi. Leo yeye mwenyewe hashindani. Michezo haikumwongezea nguvu, maana nguvu alikuwa nazo. Ilimpa kazi ya kutuliza hasira ya wengine.

Lakini tusimsifu mtunga shairi kwa yote. Katika mieleka, mshindi anawekewa chungu cha miguu mitatu, bei yake ng'ombe 12. Na mshindwa anawekewa mwanamke, bei yake ng'ombe 4. Homeros anataja bei hiyo pasipo kushtuka. Haki ya uwanja ilikuwa ya wenye kushindana tu. Mtumwa hakuwa na neno. Mwalimu anayefundisha kitabu hiki asilifiche jambo hilo.

Tena kiapo hakikutosha siku zote. Mwaka 388 mbele ya Kristu, Eupolos wa Thessalia aliwahonga wapinzani wake watatu wa ngumi huko Olympia. Wote walitozwa faini, na kwa fedha hiyo zikafanywa sanamu sita za Zeus. Zilisimamishwa karibu na mlango wa uwanja, ili wachezaji wazione wakiingia.

Mambo haya si ya mbali nasi. Mwaka 1939 Wabenediktini wa shule ya Saint-Boniface pale Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliwaanzishia wanafunzi ekipe ya mpira, wakaiita Saint-Georges. Ndiyo iliyokuja kuwa TP Mazembe, iliyopata kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Hapa Tenke reli inagawanyika, njia moja kwenda Kamina, nyingine kwenda Kolwezi. Watu wa mahali pengi wanakutana, na vijana wao wanakutana uwanjani. Mwenye kushika filimbi kati yao, awe seminaristi au mkatekista, asifikiri kwamba kazi yake ni kuwachezesha tu. Akipendelea ekipe ya kwao, uwanja unageuka vita. Akifwata haki, kijana aliyedanganya anaweza kurudisha kisicho chake bila kupigwa, na aliyekosewa anaweza kusamehe bila kudharauliwa.

Homeros aliona hayo mbele ya Injili kuja. Sisi tunayo Injili. Tunapashwa kufanya zaidi.