Geuza Upande wa Nyuma Kwanza

Skauti na Girl Guides wakikutana kambini hubadilishana vitu vidogo walivyotengeneza kwa mikono yao: pini za shanga, bangili za kusuka, pete za skafu. Kijana wa Malvern, mashariki mwa Johannesburg, ana mengi ya kuiga. Wasichana wa Kizulu wamekuwa wakipeleka ujumbe kwa wapenzi wao kwa rangi za shanga. Hata shanga za mti walizotunukiwa viongozi wa skauti waliohitimu mafunzo ya Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919 zilitoka katika mkufu ambao Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliupata Zululand mwaka 1888.

Ukipewa pini ya shanga, usivutwe na rangi. Igeuze. Mwisho wa uzi uwe umerudishwa ndani ya safu kadhaa za shanga kabla ya kukatwa. Fundo lililoachwa nje, hata likipakwa gundi, siku moja litafunguka na shanga zitamwagika. Kisha ikunje taratibu juu ya kidole. Kazi nzuri hulegea kama kitambaa. Ikikakamaa, uzi umevutwa mno, na kingo za kioo zitaukata. Ukiona mianya, uzi umelegezwa mno.

Shanga ndogo huuzwa kwa namba, na namba 11 ni ndogo kuliko namba 8. Lakini hata za pakiti moja hazilingani: kuna nene, kuna nyembamba, kuna zilizopinda. Mwenye subira huzichambua kabla ya kutia uzi sindanoni, ndiyo maana safu zake hunyooka. Sugua kidogo kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikibaki kitambaani, jasho litaimaliza.

Pini ya dukani, hata ipendeze vipi, siikubali katika mabadilishano haya. Muulize mwenzako alianzia shanga ipi. Aliyeishona atakuonyesha mara moja. Safu ya mwanafunzi iliyopinda kidogo lakini imefungwa imara naipokea kwa furaha zaidi kuliko bendera kubwa ya shanga zilizobandikwa kwa gundi.

Bangili ikague kwenye kingo, ambako mkono uliochoka hujionyesha. Pete ya skafu iliyosukwa kwa kamba isionyeshe ncha popote, na mizunguko yake ilale sambamba bila kupandana. Ipitishe kwenye skafu uikung'ute: ikiteleza, mrudishie mwenyewe aikaze, kisha mbadilishane.