Sebule Kwanza, Inchi Baadaye: Jinsi Ukubwa wa Televisheni Unavyopatikana

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi la televisheni hupima kioo kona kwa kona, bila kuhesabu fremu. Kipimo hicho humsaidia muuzaji kuliko mtazamaji, kwa kuwa kinachoamua picha itaonekanaje ni kimo na upana wake. Karibu televisheni zote za leo zina umbo la 16 kwa 9, na katika umbo hilo kimo ni asilimia 49 ya inchi zilizoandikwa, upana ni asilimia 87. Inchi 32 ni kimo cha karibu sentimita 40, inchi 43 ni sentimita 54, inchi 55 ni sentimita 68 na inchi 65 ni sentimita 81. TV ya chogo ya inchi 21 ilikuwa ya umbo la 4 kwa 3, hivyo kimo chake kilifika kama sentimita 32. Aliyeiondoa na kuweka bapa ya inchi 32 aliongezewa kimo cha sentimita 8 tu. Nyongeza kubwa ilikwenda kwenye upana.

Upande wa pili wa hesabu ni jicho. Jicho zima, lile ambalo hospitalini huandikwa 6/6, huweza kutenganisha alama mbili zilizoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii moja. Zikikaribiana zaidi ya hapo, jicho huziona kama kitu kimoja. Kipimo hiki hugeuzwa kuwa umbali ambao jicho hukoma kutenganisha pikseli, kwa kuzidisha ukubwa wa pikseli moja kwa 3,438. Televisheni ya inchi 55 ya Full HD ina pikseli 1,920 katika upana wa sentimita 122, kwa hiyo kila pikseli ina milimita 0.63, na jibu ni mita 2.2. Anayekaa mita 1.5 kutoka kioo hicho ataziona ngazi ndogo kwenye kingo za maandishi ya taarifa ya habari. Anayekaa mita 4 haoni ngazi, lakini pia amepoteza sehemu kubwa ya ukali wa picha aliyoilipia: majina kwenye jezi, nyuzi za kitambaa, majani ya mti ulio mbali.

Hesabu hiyo huwa nyepesi zaidi ikifungwa kwenye kimo cha picha, maana hapo inchi hazihitajiki tena. Picha ya kawaida ya mistari 576, iliyotumiwa kwa miaka mingi na vituo vya Afrika Mashariki, inataka umbali wa mara 6 ya kimo. Full HD yenye mistari 1,080 inataka mara 3.2. Picha ya 4K, yenye mistari 2,160, inataka mara 1.6. Kwa TV ya chogo ya inchi 21, mara 6 ya kimo ni kama mita 1.9, na ndipo ulipokuwa mkao wa watu katika vyumba vingi vidogo. Picha na chumba vilikubaliana.

Namba ya karibu mara 3 ya kimo, ile ya Full HD, ina historia inayostahili kuelezwa. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza kutafiti televisheni ya picha safi zaidi baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Usafi wa picha peke yake haukuwatosheleza watafiti wake. Walitaka kujua picha inapaswa kujaza sehemu gani ya macho ili mtazamaji ajisikie yumo ndani ya tukio. Jaribio lililotolewa mwaka 1980 na Toyohiko Hatada, Haruo Sakata na Hideo Kusaka lilipima hisia hiyo kwa njia ya werevu mkubwa. Picha ilionyeshwa ndani ya kuba ikiwa imeinamishwa upande, kisha ikapimwa ni kwa kiasi gani hisia ya mtazamaji ya kilicho wima imeinama nayo. Picha ndogo haikumyumbisha mtu. Ilipopita upana wa digrii 20 hivi, hisia ya wima ilianza kuvutwa na picha, na ilizidi kuvutwa kadiri picha ilivyotanuka. Mfumo wa mistari 1,125 uliotokana na utafiti wa NHK ulilenga mtazamaji anayekaa mara 3 ya kimo, ambapo picha hujaza karibu digrii 30. Hapo matakwa mawili hukutana: pikseli zimekaribia kutoweka, na picha imeanza kumzunguka mtu.

Huo ni mkao wa maabara. Nyumbani watu hawaburuti makochi kufuata televisheni. Bernard Lechner wa maabara za RCA nchini Marekani aliuchunguza umbali ambao familia hukaa, akakuta ni kama futi 9, yaani mita 2.7, na Richard Jackson wa maabara za Philips nchini Uingereza alipata mita 3. Umbali huo unatokana na kuta, makochi na njia ya kupita, na haubadiliki kwa sababu kioo kipya kimeingia ndani. Hapa ndipo kilipo kiini cha suala zima. Umbali umeshawekwa na nyumba. Kilichobaki mkononi mwa mnunuzi ni kimo cha picha.

Mita 2.7 zikigawanywa kwa 3.2 hutoa kimo cha sentimita 84, yaani kioo cha inchi 68 hivi. Kwa teknolojia ya chogo hilo lilikuwa jambo lisilowezekana nyumbani, kwa sababu kioo chake kilipaswa kuwa kinene ili kihimili ombwe la ndani, na uzito uliongezeka upesi kuliko inchi. HD ililazimika kungoja kioo bapa ili ienee majumbani. Lechner huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliobuni njia ya kuendesha kila pikseli ya kioo cha LCD kwa swichi yake yenyewe, njia ambayo ndiyo iliyowezesha televisheni bapa za leo.

Kipimo sahihi basi huanzia sebuleni kwa tepu. Tuseme chumba kina mita 3.5 kutoka ukuta hadi ukuta. Kochi limeegemea ukuta wa nyuma, na macho ya aliyekaa yako kama sentimita 70 mbele ya ukuta huo. Kabati la TV linasogeza kioo sentimita 30 kutoka ukuta wa pili. Umbali halisi wa kutazama ni mita 2.5, ingawa wengi wangesema chumba chao ni cha mita tatu na nusu na kununua kwa namba hiyo. Ili picha ijaze digrii 30, gawanya sentimita 250 kwa 1.63: kioo cha sentimita 153, inchi 60. Wapenzi wa sinema, wanaotaka digrii 40, hugawanya kwa 1.2 na kupata inchi 82. Kwa chumba hicho, inchi 55 au 65 ni chaguo la busara.

Lakini chaguo hilo linadai picha ya HD. Chaneli ya mistari 576 kutoka kwenye king'amuzi, ikitazamwa mita 2.5, inafaa kioo cha inchi 34 tu. Ikitandazwa kwenye inchi 65, uso wa mtangazaji hulainika kama umepakwa mafuta, na vijisanduku vya mbano wa picha huonekana wazi mpira unapopigwa kwa kasi kwenye nyasi. Kosa hapo si la kioo. Nyumba inayotazama chaneli za kawaida saa nyingi za siku, na HD mara mojamoja, inakaa vizuri na inchi 43 au 50. Inayotazama filamu za intaneti na mechi za HD isiogope 65.

Kuhusu 4K, hesabu ileile inatoa hukumu ambayo duka haliisemi. Kutoka mita 2.5, pikseli za ziada za 4K huanza kuonekana kwenye kioo kinachozidi inchi 63, na ili zote zionekane kinahitajika kioo cha inchi 126. Televisheni ya 4K ya inchi 43 haitofautiani kwa ukali wa picha na ya Full HD hadi mtu asogee chini ya mita 1.7. Inaweza kuwa na rangi bora na mwanga mzuri zaidi, na hizo ni sababu halali za kuinunua, ila pikseli si mojawapo. Fedha ikiwa na mpaka, inchi za ziada zinamfaa mtazamaji wa sebuleni kuliko pikseli za ziada.

Kabla ya kulipa, upana na kimo cha kioo kinachofikiriwa vichorwe ukutani kwa utepe wa karatasi wenye gundi, sentimita 122 kwa 68 kwa inchi 55, na vitazamwe kutoka kwenye kochi, mchana na usiku. Hapo ndipo hujulikana pia kama mlango utafunguka na kama dirisha litaakisi mwanga kwenye kioo. Wanaokaa kwenye viti vya pembeni nao wahesabiwe: vioo vya LCD vya aina ya VA hufifia vikitazamwa kwa upande, vya IPS huvumilia zaidi. Na breketi isipandishwe karibu na dari. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi yako kama sentimita 110 kutoka sakafuni, na katikati ya picha panapaswa kuwa karibu na hapo. Kwa inchi 65, ukingo wa chini wa kioo unakuwa sentimita 70 juu ya sakafu.