Shairi Fupi Lataka Baraza

Majarida madogo ya fasihi siku hizi yameyapenda mashairi mafupi: mishororo mitatu minne katikati ya ukurasa mweupe, jina la mtunzi chini, basi. Wako wazee wetu, Muscat hata London, wanaoyatazama na kuguna kwamba huo si ushairi, ni uvivu wa walioshindwa na vina na mizani. Sisi tunaona lawama hiyo imekosa shabaha. Ufupi si mgeni kwetu. Kilichokosekana ni baraza la kuupokea.

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Mashairi yake mengi ni ya beti chache, na mengine ni ubeti mmoja tu. Aliwatungia Mazrui waliposhindana na Seyyid Said, akatunga pia juu ya mapenzi, biashara na majirani. Ubeti mmoja ulitosha kwa kuwa mji ulijua anayesemwa ni nani. Msikilizaji alikuja na nusu ya shairi kichwani mwake.

Mji ule ulipopita, nusu hiyo ingepotea nao. Iliyobaki ilibaki kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi hayo, akamsaidia W. E. Taylor kuyaelewa, na mwaka 1940 W. Hichens akachapisha diwani yake. Leo wapo wasomaji wetu waliotokana na upande wa Mazrui, na wapo waliotokana na upande wa Busaidi. Wote wanaweza kuusoma ubeti uleule na kujua ulimchoma nani. Bila ya maelezo, tungebaki na maneno matamu tu.

Wageni nao walilijua jambo hili. Ezra Pound alipotoa shairi lake la mistari miwili juu ya kituo cha treni cha Paris, katika jarida la Poetry la Chicago, Aprili 1913, toleo la Machi lilikwisha kuchapisha makala mbili za kumfunza msomaji namna ya kulisoma shairi la aina hiyo. Beirut vilevile: Yusuf al-Khal alipoanzisha jarida la Shi'r mwaka 1957, alikuwa na kikao cha Alkhamisi cha kusoma na kubishana. Huwezi kupenda kila kilichotoka humo, lakini mashairi hayo hayakutupwa uwanjani peke yake.

Kwa watu wa ughaibuni hatari ni kubwa zaidi. Katika hati za Kiswahili za harufi za Kiarabu, herufi moja ya "ba" mara nyingi ilisimama mahali pa b, p na mb. Utenzi wa beti mia huvumilia neno moja lililosomwa vibaya, na kina na mizani humsaidia msomaji kulisahihisha. Shairi fupi lisilo na kina halina mlinzi huyo. Neno moja likipotoka, au mjukuu aliyezaliwa ugenini asipolijua, limekwisha lote.

Atasema mtu kwamba shairi likielezwa limeuliwa, na wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua. Ni kweli. Lakini mwerevu hulitambua fumbo la mji anaoujua. Kutaja tukio si kufumbua fumbo. Kusema kwamba shairi lilitungwa baada ya nyumba kuuzwa, na kwamba neno fulani ni la Kimvita au la Kitumbatu, hakumwambii msomaji aone nini. Kunampa pa kusimama.

Kwa hiyo tunawaomba wahariri wa majarida hayo, nasi tukiwemo, jambo dogo. Kila shairi fupi lifuatwe na mistari michache: limetungiwa wapi, lini, kwa sababu gani, na maneno gani yanataka mzee wa kuyaeleza. Mtunzi yu hai, aulizwe sasa. Ukurasa mweupe unapendeza machoni, lakini miaka 50 ijayo mtoto wetu atakayeufungua hatajua kama weupe ule ulikuwa ustadi wa mtunzi au ni kitu kilichofutika.