Kupanda Timboroa, Kushuka Salgaa

Wakazi wa Angurai, waliozoea kuyaona malori yakipanga foleni nje ya mji wa Malaba kungoja idhini ya forodha, aghalabu hudhani kwamba taabu ya udereva imo katika makaratasi na usingizi wa kitini. Ilhali dereva mwenyewe, ukimsaili kwa utaratibu, atakutajia Timboroa na Salgaa kabla ya forodha.

Malaba iko kati ya mita 1,100 na 1,200 juu ya usawa wa bahari. Barabara iendayo Nakuru hupita Bungoma, Webuye na Turbo, ikafika Eldoret kwenye mita 2,100 hivi, kisha ikazidi kupanda hadi Timboroa, ambako stesheni ya reli imejengwa katika kimo cha mita 2,743. Huko kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Basi injini kuukuu isiyo na tabo hupoteza takriban robo ya nguvu zake, na dizeli, kwa kukosa hewa ya kuiteketeza yote, hugeuka moshi mweusi. Dereva asiye na maarifa huzidi kukanyaga mafuta, na moshi ukazidi. Mahiri hurudisha gia mapema, injini ingali na nguvu, akaridhia mwendo wa pole. Maji nayo, yakiwa wazi, huchemka huko kwenye nyuzi 91 badala ya 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho Malaba hakikuonyesha dosari yoyote, hudhihirisha aibu yake karibu na Burnt Forest.

Hata hivyo, kupanda ni adha, si hatari. Hatari ipo baada ya Mau Summit, barabara inaposhuka Sachangwan hadi Salgaa, mteremko mrefu uliokwisha kuangamiza roho nyingi. Hapo ndipo madereva wengine huweka nyutro, kwa itikadi kwamba wanaokoa mafuta. Lori likishaachana na gia, uzito wote wa shehena hubebwa na breki peke yake; dramu hupata moto, hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vinavyopaswa kuibana, na msuguano hupungua kadiri joto linavyozidi. Dereva, kwa hofu, hukanyaga na kuachia mara kwa mara, na kila mkanyago hutoa upepo katika matangi, ilhali kompresa, inayoendeshwa na injini iliyozubaa katika nyutro, haiwahi kuyajaza. Akijaribu kurudisha gia wakati huo haiingii, kwa kuwa magurudumu yamekwisha kuipita injini kwa kasi.

Na faida iliyotafutwa haipo! Injini za kisasa zinazoongozwa kielektroniki hukata dizeli kabisa lori linaposhuka likiwa ndani ya gia, ilhali katika nyutro injini huendelea kunywa ili isizimike. Kwa mtazamo wangu, mwenye lori anayemlipa dereva kwa lita alizobakiza ana sehemu yake katika dhambi hii. Serikali, baada ya ajali iliyotokea hapo usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017 iliyolihusisha basi lililotoka Busia na kuua watu zaidi ya 30, ilitenganisha njia za kwenda na kurudi kwa kuta za zege. Ukuta humkinga anayepanda, bali breki za anayeshuka haziponyi.

Dereva hodari huchagua gia angali juu, kabla ya mteremko kuanza, tena chini ya ile aliyopandia. Huiachia injini kazi ya kuzuia, na breki huikanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha huiacha ipoe. Akifika chini huegesha mahali tambarare, utingo akatia kabari, naye akapitisha mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa: lenye joto kuwashinda wenzake limebeba kazi ya wengine, na breki za hao wengine ndizo zinazohitaji kurekebishwa. Wala haruhusu dramu imwagiwe maji, kwani chuma chake kikipozwa ghafula hupasuka.