Mapigo Mawili: Hesabu ya Knudson na Protini Zinazozuia Uvimbe

Mwaka 1971 daktari wa Marekani Alfred Knudson, aliyekuwa akifanya kazi Houston katika jimbo la Texas, alichapisha makala fupi iliyotegemea kumbukumbu za watoto 48 waliougua retinoblastoma, yaani saratani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hakuwa na jeni yoyote ya kuipima, wala mbinu za kuitafuta hazikuwapo bado. Alichokuwa nacho ni umri wa kila mtoto alipogundulika kuwa na ugonjwa na idadi ya macho yaliyoathirika, na kwa mambo hayo mawili alikisia jinsi saratani hiyo inavyoanza kabla ya yeyote kuuona mwanzo wake ndani ya seli.

Retinoblastoma huja kwa sura mbili. Wapo watoto wanaougua macho yote mawili, mara nyingi wakiwa wachanga na wengine wakiwa na ndugu waliougua pia, na wapo wanaougua jicho moja tu, kwa kawaida baadaye kidogo na bila ugonjwa huo kujulikana katika ukoo. Kwa kila kundi Knudson alichora sehemu ya watoto ambao walikuwa bado hawajagundulika kadiri umri ulivyosonga, akitumia mizani ya logarithimu, ambayo hufanya upungufu wa uwiano usiobadilika uonekane kama mstari ulionyooka. Kundi la macho mawili lilitoa mstari wa namna hiyo, jambo linalotarajiwa iwapo tukio moja tu la kubahatisha latosha kuzusha uvimbe. Kundi la jicho moja lilitoa mkunjo unaoanza kushuka polepole kisha kuongeza kasi, kama ipasavyo iwapo matukio mawili lazima yaipate seli ileile. Alihitimisha kwamba mabadiliko yanayohitajika ni mawili kwa wote, ila watoto wa kundi la kwanza huzaliwa na badiliko moja tayari katika kila seli ya mwili.

Uzito wa hoja hiyo unaonekana katika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Knudson alikadiria kwamba mtoto aliyerithi badiliko la kwanza hupata kwa wastani vimbe tatu, na kwa kanuni ya uwezekano wa matukio adimu, wastani wa tatu humaanisha kwamba takriban asilimia 5 ya warithi hawatapata uvimbe wowote. Hivyo nadharia ileile iliyoeleza kwa nini wengine huugua macho mawili ilieleza pia kwa nini mzazi mwenye macho mazima huweza kumrithisha mwanawe ugonjwa. Ni kweli kwamba wagonjwa 48 ni wachache, na kwamba baadhi ya wanaougua jicho moja nao wamerithi, lakini hesabu iliyojiweka wazi kukanushwa ina thamani kuliko takwimu nyingi zisizotabiri kitu.

Makala hiyo haikusema waziwazi kwamba mabadiliko hayo mawili, yaani mapigo mawili, huziangukia nakala mbili za jeni moja, ile ya baba na ile ya mama. Hilo lilielezwa na David Comings mwaka 1973. Hata hivyo wazo kwamba saratani yaweza kutokana na upungufu wa kitu kinachoizuia lilikuwa na msingi, kwa kuwa mwaka 1969 Henry Harris na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba seli ya saratani ikiunganishwa na seli ya kawaida huweza kupoteza ukali wake. Mwaka 1983 Webster Cavenee na wenzake walithibitisha kwamba vimbe nyingi za retina zimepoteza nakala nzima iliyobaki kwenye kromosomu ya 13, na mwaka 1986 jeni yenyewe, iliyoitwa RB1, ikapatikana.

Protini itokanayo na jeni hiyo, Rb, hufanya kazi yake kabla seli haijaanza kunakili DNA. Huzishika protini za kundi la E2F, ambazo zikiwa huru huwasha jeni za kunakili, na huziachia pale tu vimeng'enya vinavyoamshwa na ishara za ukuaji vinapoibandika fosfeti za kutosha. Rb isipokuwapo, E2F hubaki huru na seli hugawanyika bila kungoja ishara.

Si kila protini inayozuia uvimbe hufuata hesabu hiyo kwa unyoofu. Protini ya p53, ambayo husimamisha seli iliyoharibika DNA au kuielekeza kufa, ilitambuliwa mwaka 1979 na kwa miaka kumi ilidhaniwa kuchochea saratani, kwa sababu nakala zilizotumika maabara zilikuwa zenyewe zimebadilika. Kwa kuwa p53 hufanya kazi ikiwa vipande vinne vilivyoungana, kipande kibovu huweza kuvilemaza vizima, na pigo moja likaleta madhara yaliyotarajiwa kwa mawili.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, huenda mbali zaidi. Virusi vya papiloma vinavyoisababisha, ambavyo chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana kote nchini humo mwaka 2018, hutengeneza protini mbili zinazohusika hapa: E7, inayoishika Rb na kuifanya ivunjwe, na E6, inayoipeleka p53 kuharibiwa. Katika vimbe hizo jeni za RB1 na p53 kwa kawaida huwa nzima, bila pigo la kuhesabika, na maabara imeonyesha kwamba utengenezaji wa E6 na E7 ukizimwa katika seli za saratani hiyo, Rb na p53 hurudi kazini na seli huacha kugawanyika.