Fugwe ya Mtama: Soma Suke Kabla ya Kununua Dawa

Suke la mtama likianza kutoa masizi meusi, shambani hutajwa jina moja tu: fugwe. Jina ni sahihi, ila nyuma yake wapo kuvu wanne, na kila mmoja ana njia yake ya kuuingia mmea. Katika kata kama Unyambwa, Manispaa ya Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja, anayewachanganya hana nafasi ya kujirekebisha mpaka mwaka unaofuata.

Anza kwa kutazama ni punje ngapi zimeugua. Katika fugwe funikwa, punje zote au sehemu kubwa ya suke hugeuka vifuko vya kijivu au kahawia, vyenye umbo la kukaribiana na punje yenyewe. Kwa mbali utadhani suke ni zima. Kiminye kifuko kwa ukucha: kinatoa vumbi jeusi laini, na vumbi hilo ndilo uzazi wa kuvu. Ngozi yake ni ngumu, kwa hiyo vifuko vingi havipasuki shambani; hungoja siku ya kupura. Fimbo zikishuka, masuke machache mabovu hulipaka vumbi lundo zima. Mbegu hiyo ikipandwa, kuvu huota pamoja nayo, huuingia mche ungali chini ya udongo, kisha hupanda na shina bila dalili ya wazi mpaka suke lichomoze. Kupuliza dawa wakati huo ni kutupa pesa.

Mwenendo kama huo uligunduliwa kwenye ngano. Mwaka 1807, huko Montauban, Ufaransa, Bénédict Prévost alionyesha kwamba ugonjwa wa aina hii husababishwa na kuvu anayeuvamia mche, na kwamba maji yaliyoguswa na shaba huzuia vumbi lake kuota. Kanuni haijabadilika: mlinde mche kwa kuitibu mbegu. Dawa ya unga yenye thiram huizuia fugwe funikwa, pamoja na fugwe wazi, ambayo utaitambua kwa mmea mfupi, mwembamba, uliowahi kutoa suke, na vifuko vinavyopasuka mapema vikaacha vijiti vyeusi. Mbegu iliyotiwa dawa isiliwe wala isipewe kuku.

Fugwe ya suke ni jambo jingine. Suke zima huwa uvimbe mmoja wenye ngozi nyeupe. Ikichanika, hubaki nyuzi nyeusi. Vumbi lake hukaa ardhini miaka kadhaa, hivyo dawa ya mbegu peke yake haitoshi. Livishe suke mfuko kabla halijapasuka, likate, ulichome. Msimu ujao panda alizeti mahali hapo. Singida haina uhaba wa wanaoijua.

Ya nne, fugwe ndefu, hugusa punje chache zilizotawanyika, kila moja ikirefuka kama pembe iliyopinda kidogo. Vumbi lake huletwa na upepo na kutua suke likiwa bado ndani ya jani la mwisho. Dawa ya mbegu haina kazi hapo.

Kwa mkulima anayejiwekea mbegu, kazi kubwa ni kuchagua masuke yangali yamesimama shambani, kutoka kwenye mimea isiyo na masizi, na kuyapura peke yake, kwenye turubai safi, kabla fimbo hazijagusa lundo lingine.