OpenFOAM ni ya bure, lakini dau halimo: tathmini kutoka mlango wa Ruvuma

Kama unasoma uhandisi, fizikia au sayansi ya bahari na umewahi kuuliza, "Nitumie programu gani ya bure kuiga mwendo wa maji?", jibu ulilopewa pengine lilikuwa neno moja: OpenFOAM. Jibu siyo baya. Ila lina mkia mrefu ambao anayekujibu huwa haumalizii, na mkia huo ndio unaokula wiki zako tatu za kwanza.

Makala hii haifundishi kila hatua. Inaipima programu hii kama tunavyopima kitabu: inaahidi nini, inatoa nini, na inamwacha nani njiani. Nitaipima kwa swali moja tu la huku kusini.

Swali lenyewe

Kusini mwa Msimbati, Mto Ruvuma unaingia Bahari ya Hindi na mchanga wake wote. Mchanga unajenga mafungu, na mafungu yanahama. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Kwa hiyo njia ambayo asubuhi ilikuwa na maji tele, mchana inaweza kubaki na kina cha mita moja, au mchanga mtupu. Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ni sehemu ambayo watu huvua na kuvuka kwa vyombo vidogo. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 lipo Mtambaswala, mbali huko bara. Halimsaidii mtu wa mlangoni mwa mto.

Basi swali ni hili: dau lililojaa abiria likipita kwenye maji ya mita moja, wimbi likalipiga, litapanda na kushuka kiasi gani? Tumbo lake litagusa chini au litapona? Nahodha analo jibu lake, la uzoefu. Sisi tunataka kuona kama kompyuta nayo inaweza kutoa jibu la kuaminika.

Inayostahili sifa

Programu hii ilianzia Imperial College, London, mwishoni mwa miaka ya 1980. Desemba 2004 ilitolewa kwa umma chini ya leseni huria ya GPL. Hapo ndipo mambo yalibadilika: mwanafunzi yeyote anaweza kusoma msimbo wote, kuubadilisha na kuusambaza bila kulipia leseni. Programu za kibiashara za kazi hii huuzwa kwa bei ambayo idara nyingi za vyuo vyetu haziwezi hata kuijadili.

Sifa ya pili: kila kitu ni maandishi. Hakuna vitufe vya kubonyeza. Kazi yako nzima ni folda tatu: moja ina hali ya mwanzo, moja ina umbo na tabia za maji, moja ina maelekezo ya ukokotoaji. Kabla hujatengeneza wavu na kuendesha kazi, folda hizo ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kumtumia mwenzako kwa WhatsApp bila kumaliza bando.

Sifa ya tatu naipenda zaidi. Usipojua chaguo gani linaruhusiwa mahali fulani, andika upuuzi wowote. Andika "korosho". Programu italalamika kwamba haijui aina inayoitwa korosho, kisha itakuorodheshea aina zote inazozijua. Huo ndio mwongozo wake bora kuliko yote, na ni ajabu kwamba lazima ukosee makusudi ili uupate.

Jina moja, nyumba tatu

Sasa lawama. Ukisema "nimesakinisha OpenFOAM", hujasema kitu. Kuna matawi matatu: la taasisi ya OpenFOAM Foundation, ambalo matoleo yake yana namba za kawaida kama 10, 11, 12, la kampuni ya OpenCFD, ambalo matoleo yake yanafuata mwaka na mwezi, kama v2312, yaani Desemba 2023, na tawi la tatu liitwalo foam-extend. Yote yanatoka kwenye ukoo mmoja. Hayasomi faili za mwenzake bila ugomvi.

Ugomvi huo unaumiza zaidi kwenye wavu unaosogea. Kuna faili inaitwa dynamicMeshDict, ndiyo inayosema wavu usogee vipi. Tawi la OpenCFD linataka uanze na mstari wa dynamicFvMesh. Tawi la Foundation, kuanzia toleo la 10, linataka kifungu kinachoitwa mover. Halafu toleo la 11 la mwaka 2023 likaondoa utaratibu wa kila kazi kuwa na programu yake, likaweka amri moja, foamRun, inayoita moduli. Maelezo uliyopata mtandaoni ya mwaka 2016 yanakuambia uite interDyMFoam. Utaita hadi uchoke. Kazi yake ilishahamishiwa ndani ya interFoam miaka mingi.

Kwa mwanafunzi mwenye msimamizi anayeitumia kila siku hili ni jambo la dakika kumi: anageuka kwenye kiti, anauliza. Kwa aliye peke yake Mtwara, kila faili ya mfano anayoipata ni bahati nasibu. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, andika kwenye terminali:

echo $WM_PROJECT_VERSION

Ikikujibu v2312 au 11, umejua upo nyumba ipi. Tafuta mifano ya nyumba hiyo tu. Isipojibu kitu, umegundua tatizo la pili, ambalo ndilo la kawaida kuliko yote: programu ipo kwenye mashine lakini mazingira yake hayajapakiwa. Usisakinishe upya! Usichome bando! Pakia faili ya bashrc iliyomo ndani ya folda ya etc ya OpenFOAM kwa amri ya source. Tawi la Foundation kwa kawaida hukaa chini ya /opt, la OpenCFD chini ya /usr/lib/openfoam.

Mengine matatu kwa haraka. Ukitumia Windows, njia iliyozoeleka ni kuweka Ubuntu kupitia WSL. Weka kazi zako ndani ya Linux yenyewe, siyo kwenye diski ya C, maana huko kusoma na kuandika faili kunakwenda kinyonga. Usitumie nafasi katika majina ya folda: "kazi yangu" italeta makosa yasiyoeleweka, "kazi_yangu" haina shida. Na usikompaili kutoka msimbo asilia kama huna sababu; kwenye kompyuta mpakato ya kawaida ni kazi ya masaa, na umeme ukikatika katikati unajua mwenyewe. Pakiti iliyotayarishwa inatosha.

Wavu unaosogea, na chini kunapokaribia

Kompyuta haioni maji. Inaona vyumba vidogo, seli, na inahesabu maji yanayoingia na kutoka kila seli. Seli zote kwa pamoja ndizo wavu. Chombo kikitulia, wavu unatulia. Dau likipanda na kushuka, seli zinazolizunguka lazima zijivute na kujibana kama mpira.

OpenFOAM inakuomba umbali wawili kutoka kwenye chombo. Ndani ya umbali wa kwanza, innerDistance, seli zinasogea pamoja na chombo bila kubadilika umbo. Nje ya umbali wa pili, outerDistance, seli hazisogei kabisa. Kujivuta kote kunafanyika katikati. Wazo zuri, rahisi, na linafanya kazi.

Lakini angalia mifano inayokuja na programu. Maarufu ni miwili: sanduku linaloelea ndani ya tangi, na meli ya makontena ya Duisburg, umbo la majaribio ambalo kwa ukubwa wake kamili lina urefu wa mita 355. Meli hiyo inaelea kwenye maji yenye kina kirefu. Chini yake wavu una nafasi tele ya kujikunjia.

Dau letu limezama mita 0.3 kwenye maji ya mita 1. Chini yake imebaki mita 0.7 tu. Ukinakili outerDistance ya meli, eneo la kujivuta linapita mpaka wa chini kabisa. Sakafu imefungwa haisogei, chombo kinashuka, seli za katikati zinabanwa kama dagaa kwenye gunia hadi moja inakuwa na ujazo hasi. Hapo ukokotoaji unakufa. Mfano unavunjika mahali hasa ambapo swali letu linaanzia, yaani chombo kinapokaribia kugusa chini.

Dawa ya kwanza ni kuhakikisha outerDistance ni ndogo kuliko nafasi iliyopo chini ya chombo. Ya pili ni kuusogeza wavu kwanza bila maji: lipe dau mwendo wa kupanda na kushuka uliopangwa, endesha kifaa cha kusogeza wavu tu (kwa OpenCFD ni moveDynamicMesh), kisha pima kwa checkMesh. Kama wavu unakufa bila maji, maji hayatauponya. Na kwenye ukuta wa chombo, kasi ya maji iwe movingWallVelocity; ukiacha ile ya ukuta uliotulia, maji yatadhani dau limepigwa misumari.

Namba isiyoelezwa

Lawama yangu kubwa ni hii. Ndani ya mifano hiyo kuna mstari wa accelerationRelaxation wenye namba kama 0.7 au 0.4. Hakuna sentensi inayosema imetoka wapi. Watu wanainakili tu.

Sababu yake ni fizikia nzuri kabisa. Chombo kinaposhuka, hakisukumi uzito wake peke yake. Kinasukuma na maji yaliyo chini yake. Tuchukulie dau ni sanduku lenye upana wa mita 1.5 na kina cha mita 0.3. Kila mita moja ya urefu wake imechukua nafasi ya lita 450 za maji, na huo ndio uzito wake. Maji yanayolazimika kutikisika nalo, kwa makadirio ya vitabu (π/8 mara mraba wa upana), ni takriban lita 880. Karibu mara mbili ya chombo! Na kina cha maji kikipungua, kiasi hicho kinaongezeka.

Programu inakokotoa maji kwanza, halafu chombo, kwa zamu. Chombo kikiwa chepesi kuliko maji kinayoyasukuma, kila zamu inazidisha kosa la zamu iliyopita, na dau linaanza kutetemeka kama limepandwa na pepo. Namba ile inapunguza mchapuko ili zamu zikubaliane, na unaweza kuongeza idadi ya mizunguko ndani ya kila hatua ya muda. Ukiyajua haya, unachagua namba. Usipoyajua, unaikisia hadi picha itulie, na picha iliyotulia siyo lazima iwe ya kweli.

Kwa hiyo fanya hesabu ya kalamu kabla ya kuamini. Muda wa dau kupanda na kushuka mara moja ni 2π mara kipeuo cha pili cha kina chake gawanya kwa 9.81. Bila kuhesabu maji yanayotikisika, unapata sekunde 1.1. Ukiyahesabu kuwa mara mbili ya uzito wa chombo, unazidisha kina mara tatu kabla ya kugawanya, unapata sekunde 1.9. Dau la kwenye kompyuta likitikisika kila sekunde 0.2, hilo siyo dau, ni kosa la hesabu lenye rangi nzuri.

Na usiitwishe mto mzima

Kuna mtu atataka kuweka mlango wote wa Ruvuma ndani ya OpenFOAM. Piga hesabu: eneo la kilomita 10 kwa 10, seli za mita moja, tabaka kumi kwenda chini, ni seli bilioni moja. Kwa maji ya mto, mikoko na mafungu yanayofunikwa na kufunuliwa, kuna programu huria zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama TELEMAC ya Ufaransa na Delft3D ya Uholanzi. Zitumie upate kina na mkondo, kisha mpe OpenFOAM kipande kidogo kinachozunguka dau. Hilo siyo kosa la OpenFOAM, ila nyaraka zake zingeweza kukuambia mapema.

Hukumu

OpenFOAM naipendekeza, tena kwa nguvu. Hesabu zake zinakaguliwa na yeyote, na uhuru wake ni wa kweli. Lakini "bure" yake inamlipisha zaidi asiye na mtu wa kumuuliza, na mifano yake imechorwa na watu ambao bahari yao ni ya kina kirefu. Gharama yake siyo wiki zako tu. Siku mtu akionyesha video ya dau likivuka salama, na kutokana na video hiyo ikaamuliwa chombo kipakie watu wangapi maji yakiwa kupwa, lazima awepo wa kuuliza sekunde zile zimetoka wapi.

Kutafsiri mwongozo wote kwa Kiswahili hakutatosha. Kinachohitajika kwanza ni folda moja: dau, maji ya mita moja, chini ya mchanga, kila namba ikiwa na maelezo ya Kiswahili pembeni yake na jina la tawi na toleo juu kabisa. Ukiwa na vipimo vya chombo halisi, upana, urefu na kina kikiwa kimepakia, umeshapata nusu ya kazi. Futi ya fundi inatosha.